Kusajiliwa Si Kulipa: Mkeo Yuko Ndani ya Bima?



Vijana wenzangu, leo siongei siasa za uchaguzi. Nataka tuongee juu ya usiku mmoja ambao wengi wenu mtaupitia, inshallah: usiku ambao mkeo, au dada yako, anashikwa na uchungu wa kuzaa.

Jirani yetu mmoja ni dereva wa tuktuk. Usiku kama huo ulimkuta. Akamkimbiza mkewe hospitali, wakaambiwa mtoto amekaa vibaya, lazima upasuaji. Pale dirishani akaulizwa, "SHA iko?" Akajibu kwa kujiamini, "Iko, nimesajiliwa." Wakaangalia kwenye kompyuta. Kweli amesajiliwa, lakini mchango hajalipa hata shilingi. Na jina la mkewe halimo kabisa, kwa sababu mkewe hana kitambulisho. Aliwahi kukiomba, akaambiwa alete karatasi za babu yake. Babu mwenyewe keshafariki zamani.

Alhamdulillah, mama alipasuliwa na mtoto yu hai. Lakini siku ya kuruhusiwa kutoka ilifika na bili haijalipwa. Mama akakaa wodini siku tatu zaidi, mshono bado mbichi, huku sisi tunachangisha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.

Nimefikiria sana kisa hiki. Yule kijana si mvivu wala si mjinga. Anatoka na tuktuk yake alfajiri. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema mambo mawili matatu. Ebu niwaambie nyinyi.

Kwanza, tujue tulipotoka. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Mwaka 2016 ukaja mpango wa Linda Mama, ukaendeshwa na NHIF. Mama alikuwa halipi mchango wowote. Msichana ambaye hajafika umri wa kitambulisho aliandikishwa kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi. Na asiye na hicho wala kile aliweza kutumia kadi yake ya kliniki. Ulikuwa na kasoro zake, lakini mlango ulikuwa mpana.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, SHA ikaingia, na Linda Mama ikageuzwa kuwa Linda Jamii. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. SHA ina mifuko zaidi ya mmoja. Upo mfuko wa afya ya msingi, unaogharamia huduma katika zahanati na vituo vya afya. Huo unahitaji usajili tu. Halafu upo mfuko wa bima, na huo ndio unaolipia kujifungua: shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Mfuko huu haukulipii kama mchango wako haujakamilika. Kusajiliwa si kulipa. Umeshika?

Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara anakatwa kila mwezi. Lakini dereva wa tuktuk, mvuvi, mama mboga, kijana wa mjengo, hawa wanatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni shilingi 3,600. Mtu anayekula alichopata leo, umwambie atoe ya miezi 12 mara moja! Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kusaidia watu kulipa kwa awamu, na anayeuhitaji autumie. Ila tusijidanganye kwamba tatizo limekwisha.

Sasa tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Mtoto akizaliwa, mbuzi wa akika tunamtafuta mpaka apatikane. Ni sunna, na ni jambo zuri. Lakini kwa hiyo 3,600 leo hata mbuzi mmoja mzima humpati. Tunawezaje kujipanga kwa siku ya saba, na siku ya kwanza tukaiacha hivi hivi?

Kwa hivyo, kijana, mkeo akikwambia ana mimba, usingoje mwezi wa tisa. Wiki hiyo hiyo piga *147#. Angalia mambo matatu: umesajiliwa? Mkeo yumo kwenye akaunti? Mchango umelipwa? Na akishajifungua, chukua karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, umwingize mtoto pia. Usisahau kliniki. Na baada ya kuzaa mrudishe akapimwe, maana kuvuja damu baada ya kujifungua ndiyo sababu kubwa ya vifo vya wazazi nchini. Kwa hesabu ya sensa ya 2019, Kenya ilikuwa inapoteza akina mama 355 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hao ni wake za watu, na mama za watu.

Hilo ni jukumu letu nyumbani. Lakini iko haki ambayo lazima tuidai, kwa sababu nidhamu yako peke yako haiwezi kumpa mkeo kitambulisho.

Jamii zetu za Pwani na Kaskazini Mashariki zimepigwa msasa miaka na miaka ili kupata kitambulisho ambacho Mkenya mwingine anakipata bila maswali. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba msasa huo umefutwa. Vizuri. Nenda na dada yako ofisini mkaone kama tangazo limefika kaunta. Mkizungushwa, andikeni tarehe na jina la ofisi, na mlete malalamiko rasmi. Asiye na kitambulisho leo, kesho hana bima.

Ya pili: msichana au mama asiye na kitambulisho ahudumiwe kwa kadi ya kliniki, kama ilivyokuwa. Mimba haingoji karatasi.

Ya tatu: sheria ya bima ya afya ya 2023 inasema wasiojiweza watalipiwa na serikali. Basi mama mjamzito kutoka nyumba maskini awe wa kwanza kwenye orodha hiyo. Na kaunti, ambazo ndizo zinaendesha hospitali nyingi za umma, zinaweza kutenga pesa za kuwalipia. Kikao cha kujadili bajeti ya kaunti kikitangazwa, mnakuwa wapi? Njooni, muulize swali moja tu: ni akina mama wangapi mtawalipia mwaka huu?

Na mkumbuke, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake. Laiti tungalijua hilo zile siku tatu, tungalisimama pale mlangoni na sheria mkononi, si na orodha ya michango peke yake.

Yule jirani sasa amelipa. Mkewe bado anafuatilia kitambulisho, na safari hii haendi peke yake, tunaenda naye.

Leo usiku, kabla ya kulala, piga *147# umwangalie mama mmoja wa nyumbani kwenu. Ukimkuta nje, anza kumwingiza ndani.