Michezo ya Majini na Usalama wa Watoto Penye Malambo
(Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi wa Chemba)



Kuanzia tarehe 11 Julai hadi 3 Agosti, 2025, Singapore ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya michezo ya majini. Mashindano hayo yalianza Belgrade mwaka 1973, na yale ya Singapore yalikuwa ya 22. Hushindaniwa kuogelea, kujirusha majini, polo ya majini na michezo mingine ya aina hiyo. Kwa muda wote huo hayajapata kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Hata hivyo, Tanzania si mgeni katika mabwawa ya kimataifa. Magdalena Moshi aliogelea katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 na ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Collins Saliboko na Sophia Latiff waliiwakilisha nchi mjini Paris mwaka 2024.

Yawezekana mwananchi wa Chemba akauliza mambo hayo yanaihusu nini wilaya yenye mvua za msimu mmoja. Inafaa ieleweke kwamba bingwa wa dunia alianza kwa somo lile lile linaloweza kumwokoa mtoto aliyeteleza lamboni: kuelea na kuvuta pumzi bila kutaharuki. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Ukavu wa nchi si kinga. Masika yanapoingia, lambo lililokuwa tope hujaa na kingo zake huteleza, na Mto Bubu, uliokuwa mchanga mtupu, hushuka na maji mengi. Aidha, umepangwa mradi wa bwawa kubwa la Farkwa katika mto huo, kwa ajili ya maji ya Chemba na Dodoma. Maji hayo ni neema, lakini hapana budi elimu iyatangulie.

Wala asidhani mtu kwamba elimu hiyo huja yenyewe kwa kukaa karibu na maji. Huko Nungwi, Unguja, ambako bahari i mlangoni, mradi wa Panje umewafundisha watoto kuogelea na kuokoana, wasichana wakiwemo. Ikiwa mtoto wa kisiwani hufunzwa, wa Chemba anahitaji zaidi.

Kwa hiyo, hatua zifuatazo zinastahili kuchukuliwa:

1. Lambo lizungushiwe uzio, hata wa miiba, na mifugo inyweshwe katika mbauti nje ya uzio huo.

2. Wazazi wawapo shambani, watoto wadogo wakabidhiwe kwa mtu mzima mwenye kazi hiyo moja tu.

3. Watoto kuanzia miaka 6 wafundishwe kuelea na kuogelea na mwalimu mwenye ujuzi, katika maji salama, si katika lambo lenye hatari ya kichocho.

4. Penye maji pawepo daima kamba, mti mrefu na dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mfa maji haachi kutapatapa, na humkumbatia mwokoaji wakazama wote wawili. Mwokoaji na abaki ukingoni, anyooshe mti au arushe dumu.

5. Aliyeopolewa akiwa hapumui apuliziwe pumzi mdomoni papo hapo na kukandamizwa kifua, huku msaada wa zahanati ukiitwa. Asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo, kwani hayo hupoteza dakika zinazoweza kumrudishia uhai.

Hatua hizi hazisubiri bwawa la mita 50 wala fedha za kigeni. Uzio, kamba na dumu vimo katika uwezo wa kila kijiji. Viongozi wa vijiji, kamati za maji, walimu na wazazi wanaombwa kuzianza kabla mvua hazijashika, malambo yangali makavu na kingo zikipitika.