Maneno ya Karani Juu ya Kuchagua Chuo cha Udaktari



Twawaelezeni habari ya binti wetu wa hapa Magunga, atakayeomba kusomea udaktari. Zamani hapakuwa na kuchagua: mpaka Nairobi ilipoanza mafunzo hayo mwaka 1967, Mkenya alikwenda Makerere au ng'ambo. Chuo cha Moi, Eldoret, kilifuata mwaka 1990. Baadaye Maseno, ambacho wanafunzi wake hujifunza katika hospitali kubwa ya Kisumu.

Wengine hupenda Nairobi kwa jina lake tu. Lakini swali la kwanza ni hili: Je, Baraza la Madaktari limekitambua chuo hicho? Mwaka jana hatukuuliza. Tulipeleka ada ya maombi kwa chuo cha mbali, ndipo tukaambiwa hakitambuliwi. Fedha ile ya wavuvi wa omena wa Nyandiwa haikurudi, na kosa ni la kalamu yetu.

Mafunzo ni miaka 6, nayo nauli ya Kisumu twaiweza. Kamati yapendekeza Maseno kiandikwe kwanza, kisha Moi. Binti mwenyewe ameketi pale nyuma. Twaomba aulizwe kabla ya kura.