Jeni si Jini
(Mazungumzo na wanakisomo wa Kizimbani)



Mama mmoja wa darasa letu ameacha kuja kisomoni. Mtoto wake alizaliwa na kichwa kidogo sana, na umri wa kusema umepita, hasemi. Watu wananong'ona: mtoto kabadilishwa na jini, au mama kafanya kosa.

Sikilizeni. Mwili wa mtoto hujengwa kwa maagizo, nusu ya baba, nusu ya mama. Kila fungu la maagizo hayo huitwa jeni. Nimesema jeni, si jini! Nyinyi mnaojua kusoma mtafahamu upesi. Andika "baba". Badilisha herufi moja, iwe "bata". Herufi moja tu, maana imekwenda zake.

Ipo jeni iitwayo ASPM. Kazi yake ni kusaidia chembe za ubongo ziongezeke mtoto akiwa tumboni. Ikiharibika, chembe huwa chache na ubongo hubaki mdogo. Wataalamu wa Leeds, Uingereza, waliitambua mwaka 2002, walipochunguza familia za kaskazini ya Pakistan. Huko watu huoana mtoto wa ami kwa mtoto wa ami, kama kwetu.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Mwenye moja mbovu na moja nzima haumwi, wala hajijui. Lakini watu wa ukoo mmoja huweza kurithi kosa moja kutoka kwa babu mmoja. Wawili kama hao wakioana, katika kila mimba mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbovu mbili. Selimundu nayo hurithiwa hivyo hivyo. Na msidhani akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba hesabu huanza upya.

Basi mume anayemwacha mkewe kwa mtoto kama huyo, ajue nusu katoa yeye.

Sisemi mtoto wa mwenzetu ana ugonjwa huu. Ni adimu, na vichwa vidogo vina sababu nyingi. Daktari ndiye wa kupima, kwa hiyo apelekwe Mnazi Mmoja, baba na mama wafuatane. Dawa ya kukuza ubongo haipo. Asikudanganyeni mtu akala kuku wenu bure. Lakini kifafa kikimpata, dawa zake zipo, na mtoto hufundishika kula, kuvaa na kucheza na wenzake.

Mama yule namwomba arudi. Tunasoma Jumatatu na Alkhamisi baada ya Alasiri. Mtoto aje naye.