Kabla Tingatinga Halijaingia: Upimaji wa Wanyama na Makazi Yao katika Eneo la Machimbo ya Changarawe

(Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya hadhara ya vijiji)



Changarawe ni mali. Kwa changarawe barabara ya kata hupitika wakati wa masika, na zege la zahanati na madarasa halisimami bila kokoto. Kwa hiyo anayeleta ombi la kuchimba kando ya mto asionekane adui. Hata hivyo, haifai aruhusiwe kabla haijajulikana ni nani wengine wanaolitumia eneo hilo, watu kwa wanyama.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari ifanyike kabla mradi haujaanza. Neno zito hapo ni "kabla". Taifa lililipia gharama ya neno hilo katika maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, akiishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu na si penginepo duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yalipungua mno. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa huko, na mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa bondeni kuyaiga maporomoko. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini, na kazi ya kumrejesha bondeni ikaanza mwaka 2012. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya kiumbe anayetosha juu ya ukucha wa kidole gumba. Angalitambuliwa mapema, kabla ramani za bwawa hazijachorwa, huenda mengi yangaliepukwa.

Machimbo ya changarawe si bwawa la umeme, lakini kanuni ni ile ile. Mtaalamu anayepima eneo hutembea kwa mistari iliyopangwa, alfajiri na jioni, akiandika nyayo, vinyesi, viota na mashimo. Usiku hurudi na tochi kusikiliza vyura na kuwatafuta bundi na kakakuona. Kamera zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo hufungwa kwenye miti kando ya vijia. Anayefika saa saba mchana, akazunguka kwa gari na kuandika kwamba eneo ni tupu, hajapima chochote. Saa hiyo hata mbuzi hujilaza kivulini.

Majira nayo yana neno. Kambare hupanda kwenye maji ya mafuriko kutaga mayai mvua zinapoanza. Mamba hutaga mchangani, na mayai yake hukaa takribani miezi mitatu kabla ya kuanguliwa. Keremkerem huchimba vishimo vya viota katika kingo za udongo zilizosimama wima, yaani pale pale ambapo mchimbaji huona changarawe imejitokeza. Kenge hutaga ndani ya vichuguu. Upimaji wa kiangazi pekee, basi, ni nusu ya upimaji.

Wazee, wavuvi, warina asali na wachungaji wahojiwe pia. Mchungaji anajua wanyama hunywa maji wapi mito mingine inapokauka. Hilo kamera ya wiki mbili haiwezi kulieleza.

Matokeo yakipatikana, kwanza huulizwa ni sehemu ipi iachwe kabisa. Sheria hiyo hiyo imekwisha kujibu kwa kiasi, kwa kuzuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kisha huja masuala ya namna ya kuchimba: kufyeka wakati ndege hawajatagia, kuuweka kando udongo wa juu wenye mbegu ili urudishwe, kuacha miti mikubwa kama mikuyu. Mashimo yasiyofukiwa hujaa maji, yakazaa mbu na kuhatarisha watoto. Changarawe ikitolewa kitandani mwa mto kupita kiasi, mto huzama, visima vya jirani hushuka maji na nguzo za madaraja hubaki wazi. Hapo mkulima na samaki huumia pamoja.

Wakazi wanayo haki ya kushiriki katika tathmini, na inafaa waulize maswali ya wazi. Upimaji ulifanyika miezi gani? Nani alihojiwa? Ramani inaonyesha wapi pa kunywea maji? Nani atafukia mashimo, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi?

Mwenye taarifa ya kiota, pango la popo, mapito ya wanyama au chemchemi katika eneo linaloombwa aifikishe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika ataandikiwa hapo hapo ofisini na kusomewa kabla ya kuweka dole gumba.