Msomi Ugenini na Mlango wa Chuo cha Nyumbani



Nilifundisha Ulaya miaka mingi kabla ya kurejea hapa, na jioni hii nataka kulisema jambo ambalo wasomi hulionea haya: kukumbuka nyumbani. Tunaandika makala juu ya uhamaji, tunahesabu waliohama, tunajadili sera, na machungu yenyewe tunawaachia washairi. Mimi nashikilia kwamba machungu hayo ni suala la chuo, kwa kuwa kazi yetu ndiyo inayotuhamisha, na kazi hiyohiyo ndiyo inayotuzuia kurudi.

Nichukue Ujerumani, ninakokujua. Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu wahadhiri na watafiti wasio na nafasi ya kudumu waajiriwe kwa mikataba ya muda, kwa kawaida hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na mingine 6 baada yake. Kwa mwenyeji, hilo ni tatizo la ajira. Kwa mgeni ni zaidi, maana kibali chake cha kuishi kinafuata mkataba. Mkataba ukikaribia kwisha, kibali nacho kinayoyoma, na mtoto yuko darasa la tatu, ameshazoea kusoma Kijerumani. Mtu wa hali hiyo hanunui kabati; nguo zake zinakaa sandukuni. Safari ya kwao anaiahirisha mwaka hadi mwaka, kwa sababu kutoka nchini bila kibali kipya mkononi ni kuhatarisha kazi na shule ya mtoto kwa pamoja.

Ndipo simu inapolia alfajiri. Kwetu pwani maiti haicheleweshwi: mtu akifa usiku, huzikwa mchana. Kutoka Frankfurt hadi Mombasa au Unguja ni saa nane angani, hata kwa ndege isiyotua popote, na kabla hujapata tiketi kaburi limeshafukiwa. Nilimwona mwenzangu amesimama kwenye ujia wa idara, simu mkononi, akitazama jeneza la mamake likitolewa uani. Aliyeshika simu kule alikuwa akienda mbio sambamba na wachukuzi, picha ikitikisika, tahlili ikisikika na kukatika. Mara ikawa ni vumbi na miguu ya watu tu. Saa nne akaingia darasani, akafundisha ngeli. Wanafunzi hawakujua lolote, wala hapakuwa na mkeka wa kukalia wala jirani wa kuja kumpa mkono. Hitima aliisoma peke yake usiku, chumbani kwake. Siku ile nilielewa kwamba msiba usio na watu hauishi. Ulimkaa miaka.

Wapo waliorejeshwa. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alifundisha Makerere, akaondoka Uganda katika zama za Idi Amin, akaishi Marekani miongo minne, Michigan na kisha Binghamton. Alipofariki Oktoba 2014, mwili wake uliletwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, jirani na Fort Jesus. Kwa kuitendea Kenya haki, alikumbukwa akiwa hai: mwaka 2003 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Ni mfano mwema. Lakini uteuzi huo ulimfikia akiwa na miaka 70, naye alikuwa Mazrui. Mhadhiri wa kawaida, mwenye umri wa miaka 40 na mkataba wa miaka 3, nani anamkumbuka?

Ukarimu si mgeni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpokea mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana, na kitabu chake juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika kikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, Dar es Salaam na London. Mwaka huohuo mshairi Abdilatif Abdalla alitoka gerezani Kenya, akapata kazi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye alikwenda London, na kuanzia 1995 akafundisha Kiswahili Leipzig. Vijana wa Kijerumani walijifunza kutoka kwa malenga wa Mombasa, nawaonea wivu.

Tunachowapa watu wetu walio nje, mara nyingi, ni mwaliko wa kongamano la siku mbili na begi lenye nembo. Hakitoshi. Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba vyuo vikuu vya Ujerumani kwa kawaida havina mihadhara: muda huo unawatosha kuja kufundisha kozi fupi hapa. Tasnifu za wanafunzi wetu zinaweza kusimamiwa na watu wawili, mmoja hapa na mmoja huko. Kadi ya maktaba na kiti katika idara havihitaji bajeti kubwa. Anayekuja kila mwaka kwa kazi inayotambuliwa atafika kwa mzee wake akingali anaongea.

Naiomba Seneti ya chuo chetu ilijadili jambo hili kabla ya mwaka huu wa masomo kwisha. Nanyi wanafunzi, ambao wengi wenu mtaondoka, msiondoke kabla hamjatudai jibu.