Mbele ya kushuka, angalia freni



Bukavu yetu iko ya milima. Kutoka Kadutu mpaka ku ziwa ni kushuka tu. Na nyuma yako kuko mama na mtoto wake. Niwaulize basi: nani kati yetu aliangalia freni ya moto yake leo asubui?

Hauhitaji garaji. Moto ya diski: washa tochi ya telefone, angalia fasi plaketi zinashikia diski. Kama ile sehemu yenye kusugua imebakia milimeta 2 ao chini, badilisha zote mbili pamoja. Mafuta ya freni ikishuka mu kibakuli chake, pengine plaketi zimelika. Ukisikia chuma inalia juu ya chuma, umeshachelewa: sasa unakula diski yenyewe.

Moto ya tamburi: nyingi ziko na mshale mudogo ku gurudumu, pembeni ya kile chuma freni inavuta. Kanyaga freni. Mshale ukifika mwisho wa alama, sabo zimekwisha. Kukaza ekru hakuzirudishe.

Barabara nzuri tunaidai, na tutaendelea kuidai. Lakini hii ya freni ni deni yetu sisi wenyewe. Plaketi inalipwa na franka. Mguu wa mtoto haulipwe.

Kesho, mbele ya kubeba abiria wa kwanza: dakika mbili. Na wewe abiria, uliza. Ni haki yako.