Shahidi wa Aliye Kizuizini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu.

Mtu akifungiwa kituoni usiku, yampatayo humo huyajua yeye na aliyemfungia. Nani atakuwa shahidi? Mwaka 1981, baada ya ghasia za Brixton, jijini London, jaji Lord Scarman alipendekeza raia wa kawaida waruhusiwe kuingia vituo vya polisi na kutazama hali ya mahabusu. Sheria ya mwaka 2002 iliufanya mpango huo kuwa wa lazima England na Wales.

Wajitoleao huenda wawili wawili, saa yoyote, pasipo kutoa habari. Humwuliza mahabusu: Umekula? Umeelezwa haki zako? Waumwa? Kisha huandika waliyoyaona. Hawalipwi mshahara. Wala hawaulizi kosa lake, na hapo wengi wetu tungeshindwa, kwani sisi hutaka kwanza kujua huyu ni mwizi au ni mtoto wa fulani, ndipo tumhurumie.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kushuhudia kwa haki japo dhidi ya jamaa zetu. Basi nyinyi mtusikilizao kutoka Uingereza, nafasi hizi zitangazwapo, jitokezeni. Askari akitenda wema, uandikeni pia. Na siri za mahabusu msizilete barazani, wala msikitini.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie, mimi na nyinyi.